Jeep ya mama na usingizi wa baba

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu au unayesomewa na mtoto, leo sitasema juu ya kaski wala viatu vya kazi. Nitasema juu ya jeep. Najua wengine watacheka na kuuliza jeep inaingia namna gani katika ukurasa wa usalama na afya. Inaingia kwa mlango wa dispansere, na mimi ndiye niliyeipokea.

Mwaka jana, katika miezi ya baridi, alikuja dereva mmoja wa yale makamyo makubwa yanayopanda na kushuka ndani ya mgodi. Ameniruhusu nisimulie habari yake, mradi nisitaje jina lake wala kambi anakokaa. Alisema kichwa kinamuuma siku ya nne sasa, akaomba vidonge tu ili arudi kazini upesi. Nikamfunga mkono, nikapima tansio: 170 juu, 110 chini. Nikamwacha apumzike kwenye benchi, nikapima tena: 168 kwa 110. Mnajua kwamba kuanzia 140 kwa 90, ikirudi hivyo siku mbalimbali, sisi tunaandika ugonjwa. Na huyu si mzee. Ana miaka 38, si mnene, havuti sigara, bia yake ni ya siku ya Mungu tu.

Nikamwuliza: "Yaya, unalala saa ngapi?"

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Munganga, usingizi ni wa watu wasio na deni."

Nikafunga mlango, naye akaeleza. Mama watoto alitaka jeep. Motokari ndogo hakuitaka. Alitaka jeep ndefu, nyeupe, yenye vioo vyeusi, kama ile ya jirani yao ambaye ni shefu. Bwana hakusema hapana. Alikuwa na akiba ya dola 6 000, jasho la miaka 9. Banki ikamkopesha 5 000. Zikakosekana 1 000 za kumalizia duani na plaki, akaenda kuzichukua kwa wale wakopeshaji wa mtaani tunaowaita Banki Lambert, kwa faida ya asilimia 30 kila mwezi. Jeep ikafika. Siku ile kambi nzima ilitoka kuitazama, na yeye mwenyewe, alivyoniambia, alijisikia mtu.

Sasa tupige hesabu pamoja, maana yeye hakuipiga kabla ya kununua. Mshahara wake unafika dola 700. Banki inakata 220 kabla hajaziona. Banki Lambert inangoja 300, na hizo ni faida peke yake. Zile 1 000 ziko palepale, mwezi huu 1 000, mwezi ujao 1 000, kama jiwe. Zinabaki 180. Nyumbani wako watu 7. Ni dola 6 kwa siku, za unga, mafuta, makala, sabuni na masomo ya watoto, na bado hatujatia hata lita moja ya esansi ndani ya jeep.

Basi akaenda kutafuta feza mahali ambapo wengi wetu tunazitafuta, katika usingizi. Akitoka posti ya asubuhi alijilaza kidogo. Jua likitua, alichukua taksi ya mtu mwingine na kuiendesha mpaka usiku wa manane. Kabla ya jogoo kuwika alikuwa tena njiani akingoja basi ya kampani. Katika saa 24 alilala saa 4, siku nyingine 3. Aliishi hivyo miezi 5, akijisukuma kwa kahawa na yale makopo ya vinywaji vya kuamsha, ambayo nayo yanapandisha tansio.

Mtu mzima anahitaji saa 7 za usingizi. Si anasa. Waganga waliopima jambo hili wameona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, mikono na macho yake yanachelewa sawa na ya mtu mwenye nusu gramu ya pombe katika lita ya damu. Hapa kwetu, mlangoni mwa mgodi, kuna chombo cha kunusa pombe. Chombo cha kunusa usingizi sijakiona. Dereva wetu alikuwa akipuliza kila asubuhi, chombo kinasema hakuna kitu, anapanda kamyo.

Asubuhi moja alikuwa akirudisha kamyo nyuma ili amwage mawe pembeni ya lundo. Macho yakajifunga. Hakumbuki alivyofika mwisho. Magurudumu ya nyuma yaligonga ule ukuta wa udongo wa pembeni, ambao kanuni ya mgodi inataka ufike angalau nusu ya urefu wa gurudumu. Siku ile ulifika. Nyuma yake kulikuwa na mteremko mrefu, na chini yake kulikuwa na watu wa ekipi ya pampu. Hakumwambia kapita, hakumwambia bibi. Aliniambia mimi, wiki 3 baadaye, na ni kwa sababu ya kichwa tu.

Nilimsimamisha kuendesha siku ileile na kumpeleka kwa daktari. Kisha nikamwomba arudi pamoja na mama watoto.

Nakiri kwamba nilikuwa nimetayarisha maneno makali. Sisi wanaume wa dispansere tuna ulimi mwepesi juu ya wanawake: wanapenda vitu, wanapenda kuonekana, wanaangalia ya jirani. Mama akafika, akaketi, nikaandika hesabu ile mbele yake juu ya karatasi. Aliitazama muda mrefu. Halafu akamgeukia bwana.

"Dola 700? Ni hizo tu?"

Miaka 9 hakuwahi kuona karatasi ya mshahara ya bwana wake. Kila mwisho wa mwezi alipewa feza za chakula katika bahasha, bila neno. Lakini kwenye matanga alimwona bwana akitoa kuliko wote. Kwa sikukuu alimwona akinunulia shemeji na wajomba. Kwa hiyo alikisia, na makisio yake yalifika dola 1 500. "Na zile nyingine," akaniambia, "nilifikiri zinaenda kwa biro ya pili. Nikasema moyoni, kama ziko za kwenda huko, heri ziwe jeep, angalau niione kwa macho." Akanyamaza, kisha akaongeza kwamba katika mvua za mwaka ule mtoto wao alishikwa na degedege usiku, naye akasimama njiani karibu saa nzima, mtoto mgongoni, hakuna taksi, hakuna pikipiki. Ndipo alipoanza kusema juu ya jeep.

Maneno yangu makali yakabaki mfukoni.

Tangu siku ile nimekuwa na wazo langu, na ninalisema hapa hata kama litawaudhi wazee wa kambi. Mama anayetaka jeep si ugonjwa. Kutaka ni jambo la kila mtu, na kusema kweli, katika wanaokuja kwangu na deni la motokari, mara nyingi ni baba mwenyewe aliyeitaka. Ugonjwa ni ile karatasi ya mshahara iliyofichwa chini ya godoro au ndani ya kabati la kazini. Mama asiyejua mshahara hawezi kujua kitu gani ni ghali. Anakisia, na hakuna anayekisia kidogo. Na baba aliyejionyesha mkubwa miaka yote anaona haya kusema "hatuwezi", kwa sababu neno hilo litafunua yote. Basi anasema ndiyo kwa mdomo, halafu analipa kwa damu.

Nimesikia jibu la wazee: ukimwonyesha bibi mshahara, kesho shemeji wote wako mlangoni. Inawezekana. Lakini shemeji wako mlangoni hata leo, na wanakuja kwa hesabu ya 1 500. Ukiwaonyesha 700, nafikiri baadhi yao watarudi njiani.

Na neno hili ni kwa wote wawili. Wako mama wanaouza unga au vitenge, wana likelemba yao, na bwana hajui hata makuta moja. Sheria ya jamaa ya nchi yetu ilibadilishwa mwaka 2016. Mama hahitaji tena ruhusa ya bwana ili atie sahihi yake, na bibi na bwana wanatakiwa wapatane kabla mmoja wao hajajifunga kwa tendo la sheria kama mkopo. Wengi wetu tumesikia nusu ya kwanza tu.

Mimi nilikulia katika kambi ya wafanyakazi, na jambo hili niliwahi kuliona nikiwa mtoto, ingawa sikulielewa. Katika miaka 2003 na 2004 Gécamines iliwaacha wafanyakazi zaidi ya 10 000 waende kwa hiari yao, kwa feza zilizotoka Banki ya Dunia. Watu waliokuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara walishika maelfu ya dola kwa siku moja. Jirani yetu alinunua motokari. Sisi watoto tuliikimbilia nyuma tukipiga kelele. Baada ya muda ikakosa tairi, kisha betri, kisha sanduku la vitesi, mwisho ikawekwa juu ya matofali mbele ya nyumba. Tulichezea ndani yake, mimi nilikuwa dereva na watoto wa jirani abiria. Wao walikuwa wameacha masomo, kwa hiyo walikuwa na nafasi ya kucheza hata asubuhi. Kuku wa nyumba ile walikuwa wakitaga kwenye kiti cha nyuma.

Neno moja juu ya jeep zenyewe, kwa kuwa huu ni ukurasa wa usalama. Nyingi tunazonunua zimetumika Japani, zinashukia Dar es Salaam, zinapita Zambia na kuingia kwa Kasumbalesa. Kule Japani wanaendesha kushoto, kwa hiyo usukani uko kuume. Sisi tunaendesha kuume. Ukitaka kupita lori la shaba kwenye barabara ya Likasi au Kolwezi, inabidi utoe karibu motokari nzima ndipo uone kinachokuja mbele. Ongeza juu yake dereva aliyelala saa 3.

Kama nyumbani kwenu kuna maneno ya motokari, fanyeni hivi. Usiku mmoja, watoto wakilala, baba aweke karatasi ya mshahara mezani, na mama aweke daftari lake la soko. Ondoeni kwanza chakula, masomo na madeni. Kinachobaki, kiulizeni kama kinaweza kubeba, si bei ya kununua peke yake, bali esansi, asiransi, matairi na fundi. Tangi la Prado linameza lita zaidi ya 80. Kama hakiwezi, sema "hatuwezi" ukiwa umeketi, si siku ya kulipa. Na kama hitaji la kweli ni mtoto anayeshikwa na homa usiku, mje mtuulize: kwa watu wa kambini gari la wagonjwa linatoka usiku na mchana, na namba yake imebandikwa kwenye mlango wa dispansere. Mama yule alikuwa haijui. Kosa hilo ni letu.

Watu wa habari yangu waliuza jeep kwa dola 11 000, hasara kubwa. Jioni ileile walikwenda wote wawili kumlipa Banki Lambert, kisha wakamaliza deni la banki. Taksi ya usiku imekwisha. Mtoto wao wa mwisho, ambaye kadi yake ya uzito ilikuwa imeshuka miezi 3 mfululizo kwa sababu sombe ilipikwa bila samaki wala karanga, amepanda tena. Baba alikaa wiki 6 mbali na usukani wa kamyo. Anakunywa dawa kila asubuhi na ataendelea kuzinywa, maana tansio ikishuka kwa dawa haina maana imepona. Mara ya mwisho nilipata 134 kwa 86.

Wanakuja pamoja kila mwezi. Mama anashika daftari lenye jalada la bluu, na mle ndani kuna ukurasa ulioandikwa "Motokari", wenye dola 40, 35, 40, na mwezi mmoja mtupu kwa sababu ya matanga. Nilimwuliza kama bado ni jeep anayoitaka. Akasema ndiyo, nyeupe, na kwamba kwa mwendo huu ataipata akiwa bibi wa wajukuu. Bwana alicheka mpaka nikalazimika kumpima upya.