UCHAGUZI MDOGO, AMANA KUBWA

Kiti cha Mwakilishi kinapokuwa wazi, jimbo zima huwa limenyimwa ulimi. Barabara ya shamba huharibika, skuli hukosa maji, na mambo ya karafuu hujadiliwa huko Chukwani, lakini hapana wa kusimama akasema kwa niaba ya wanajimbo. Kwa ajili hiyo sheria imeamrisha uchaguzi mdogo. Haukuwekwa kwa faida ya vyama, bali kulipa deni la wananchi.

Tusisahau tulikotoka. Tangu Mapinduzi ya 1964 hadi 1980, lilipoanzishwa Baraza la Wawakilishi, madaraka ya kutunga sheria yalikuwa mikononi mwa Baraza la Mapinduzi. Kila kiti kilichomo katika ukumbi wa Wawakilishi kimepatikana kwa safari ndefu, wala si haki kukichezea.

Viti huwa wazi kwa sababu mbalimbali. Pandani ilipiga kura Machi 2021, na Mtambwe Oktoba 2023, baada ya Mwenyezi Mungu kuwachukua Wawakilishi wao. Kiembesamaki ilirudi kwenye masanduku Februari 2014 kwa kuwa Mwakilishi wake alifukuzwa na chama chake. Na Mei 2003 Pemba ilijaza viti vilivyopotezwa na waliosusia vikao. Sababu ni mbalimbali, lakini mwenye kiti ni mmoja tu, naye ni mwananchi.

Hapa hatuna budi kusema jambo ambalo baadhi ya makada wenzetu hawapendi kulisikia. Aghalabu uchaguzi mdogo wa jimbo moja hauiweki serikali madarakani wala hauiondoi. Basi mtu anayefanya hila katika uchaguzi wa namna hiyo anatafuta nini? Hapati dola, maana dola haikuwa mashindanoni. Anachokipoteza ni imani ya watu, nayo haina uchaguzi wa marudio.

Yaliyotokea Konde mwaka 2021 ni funzo tosha, ijapokuwa kiti kile kilikuwa cha Bunge la Muungano. Mgombea wa Chama Cha Mapinduzi alitangazwa mshindi mwezi wa Julai. Wapinzani wakayalalamikia matokeo. Mshindi akajiuzulu kabla ya kuapishwa. Kura zikapigwa tena mwezi wa Oktoba, na ACT-Wazalendo ikakitwaa kiti. Je, mbingu zilianguka? Serikali ilitikisika? Hasha. Kiti kimoja kilikwenda upande wa pili, na Visiwa vikabakia na utulivu wake. Lau pangekuwa na ushupavu, umoja uliojengwa kwa kura ya maoni ya Julai 2010 ungetiwa ufa kwa sababu ya jimbo moja tu.

Kwa hivyo tunawanasihi wahusika wote. Tume ya Uchaguzi ibandike orodha ya wapiga kura mapema katika kila shehia, na matokeo yabandikwe kituoni mara tu kura zinapokwisha kuhesabiwa mbele ya mawakala. Masheha wakumbuke kuwa wanawatumikia wakaazi wote, sio wale wa rangi moja ya bendera. Askari walinde sanduku, wasimtishe mpiga kura. Na viongozi wa vyama, wanapomfukuza mwanachama aliyechaguliwa, waende jimboni kueleza sababu, kwani wanaopokonywa Mwakilishi ni wananchi.

Nasi makada tujihesabu wenyewe. Wakati wa kampeni tunamiminika jimboni kwa magari na ngoma. Kura zikishahesabiwa, hatuonekani tena mpaka kiti kiwe wazi mara nyingine. Mwenendo huu ndio unaotushinda, kabla hata ya mpinzani hajafungua mdomo.

Ushindi wa halali wa kura moja una heshima kuliko ushindi wa maelfu unaonong'onezwa barazani. Amana ni amana, hata ikiwa ya kiti kimoja.