MiG, Sukhoi na Madaraja Yetu

Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine mwezi Februari 2022, ndege za kivita za Kirusi zimekuwa mazungumzo ya kila baraza. Hapa Tunduma, madereva wa malori wanaongoja zamu ya kuvuka kwenda Nakonde hubishana juu ya Su-35 na Su-57 kana kwamba wamewahi kuzirusha. Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba nao, tunaamini, hawakosi ubishi huo huo penye bao na dhumna. Ubishi si dhambi. Linalotusikitisha ni kwamba unaendeshwa kwa kutegemea sifa zitolewazo na watengenezaji na wauzaji, ilhali Afrika Mashariki yetu ina ushahidi wake yenyewe, uliolipiwa kwa damu, na hakuna auitaye.

Tuzitazame kwanza ndege zenyewe. MiG-17, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1950, ilikuwa ndege nyepesi isiyopita kasi ya sauti, na silaha yake kubwa ilikuwa mizinga 3 iliyofungwa puani. Ilipofika mwaka 1965 wataalamu wengi walikwisha kuihesabu kuwa kikongwe. Lakini mwezi Aprili mwaka huo marubani wa Vietnam ya Kaskazini waliitumia kuziangusha F-105 za Marekani, zilizoizidi mno kwa mbio, kwa sababu kikongwe hiki kilijua kukata kona. MiG-19 ikaja na injini 2 na kuipita kasi ya sauti. Kisha ikaja MiG-21, yenye mabawa ya pembetatu na uwezo wa kufikia maradufu ya kasi hiyo. Ziliundwa zaidi ya 10,000, na India ilizistaafisha zake za mwisho Septemba 2025 tu. Siri ya umri huo mrefu si miujiza: ni ndege rahisi kuunda, rahisi kutunza, na ya bei nafuu. Kasoro yake nayo haijifichi. Mafuta yake ni kidogo, haikai hewani muda mrefu, na rubani wake hupata taabu kuona kilichoko nyuma. Wachina waliziiga zote tatu na kuziita F-5, F-6 na F-7, na ni kwa mlango huo wa Kichina marubani wetu walizizoea.

Hapo ndugu zetu wa Visiwani wana sehemu yao katika hadithi. Kikosi chetu cha anga kilianza kufunzwa na Wajerumani wa Magharibi. Baada ya Muungano wa 1964, Ujerumani ya Mashariki ikawa bado na ofisi yake Zanzibar. Bonn ikakasirika, na mwezi Februari 1965 ikawaondoa wakufunzi wake wa anga. Mwalimu Nyerere akawajibu kwamba na misaada yao iliyobaki waichukue pia. Wakaja Wakanada kwa muda, na baada yao Wachina, waliowafunza marubani wetu na kujenga kituo cha Ngerengere. Kwa hiyo asiyeona uhusiano kati ya siasa za Unguja na ndege ya kivita inayopita juu ya bara, na asome tena mwaka ule mmoja.

Sasa tuje vitani. Nduli Idi Amin alikuwa na MiG-17 na MiG-21, na alizitamba sana. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976 makomando wa Israeli walipotua Entebbe, waliziharibu nyingi zikiwa zimeegeshwa, hazikuinua hata gurudumu. Alipoivamia Kagera mwaka 1978, zilizosalia na zilizoongezwa zilishambulia Bukoba na maeneo ya mpakani, zikatia hofu na kuharibu mali, lakini hazikuamua vita. Askari wa JWTZ walizitungua kadhaa kwa makombora ya kubebwa begani, ambayo nayo ni ya Kirusi. Na majeshi yetu yalipoingia Entebbe mwezi Aprili 1979, MiG kadhaa zilitekwa zikiwa nzima uwanjani.

Libya ilikuja kumsaidia Amin na chombo kikubwa zaidi, Tu-22. Hii ni ndege ya kudondosha mabomu, yenye kasi kuliko sauti, injini zake 2 zimepandishwa mkiani. Kwa umbo inatisha. Lakini hutua kwa mbio mno, na viti vya kujiokolea huwatupa marubani upande wa chini, maana yake ni kwamba ikipata ajali karibu na ardhi hawana pa kukimbilia. Mwishoni mwa Machi 1979 mojawapo ilitumwa kuupiga mji wa Mwanza. Mabomu yakaukosa mji, yakaanguka katika kisiwa cha Saanane na kuua wanyama waliokuwa wakitunzwa huko. Hiyo ndiyo faida yote aliyoipata Kanali Gaddafi kwa ndege ya gharama ile: swala wa kisiwani.

Hata hivyo tusiwacheke wengine tukajisahau. Vita hiyo hiyo ilipoanza, ndege zetu 3 zilizokuwa angani karibu na Musoma zilitunguliwa na wapiga mizinga wetu wenyewe waliodhani ni za adui. Hapakuwa na kasoro yoyote katika mabawa wala injini. Kilichokosekana ni habari kutoka kwa waliozirusha kuwafikia waliokuwa kwenye mizinga, na habari hiyo hainunuliwi Moscow wala Beijing.

Wenye kupenda mambo mapya watasema hayo ni ya zamani. Basi na tuwape ya karibuni. Mwezi Februari 1999 majirani zetu Ethiopia na Eritrea walipigana angani, Ethiopia kwa Su-27 na Eritrea kwa MiG-29, ndege za kizazi kimoja zilizobuniwa katika nchi moja. MiG-29 ni ndogo, imebuniwa kufanya kazi karibu na uwanja wa mapigano. Hata midomo ya injini hufungwa inapotembea ardhini ili isimeze kokoto, na hewa huingilia juu ya mabawa. Su-27 ni kubwa, hubeba mafuta mengi na rada ionayo mbali. Kwa masimulizi yaliyo mengi Su-27 ndiyo iliyoshinda, na makombora mengi ya pande zote mbili yaliyorushwa kutoka mbali hayakupata kitu. Na tarehe 24 Januari 2023, Su-25 ya Kongo ilipigwa kombora kutoka upande wa Rwanda mpakani Goma, ikawaka moto hewani, na bado ikatua. Ndege hiyo ni ya mwendo wa wastani, rubani wake ameketi ndani ya sanduku la chuma cha titani, na injini zake zimetenganishwa ili moja ikifa nyingine ibaki. Waliibuni wakijua kwamba itapigwa. Kwa maoni yetu huo ni ubunifu wa kuheshimiwa kuliko kasi zote za Tu-22.

Je, Tunduma na Mkoa wa Songwe vinahusika vipi? Uwanja mkubwa wa ndege uitwao Songwe wenyewe uko Mkoa wa Mbeya, na kitu kizito kilichopata kuanguka kutoka angani katika mkoa huu ni kile Kimondo cha Mbozi, ambacho hakikutumwa na adui. Lakini mkoa huu ndio lango. Hapa inapita reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na barabara kuu ya kwenda Zambia. Vitu hivyo vina madaraja, na juu ya madaraja historia imekwisha kutoa hukumu yake.

Mwaka 1978 ndege za Amin zilijaribu kulibomoa daraja la Kyaka juu ya Mto Kagera zikashindwa. Lilivunjwa tarehe 3 Novemba na watu waliofunga baruti kwenye nguzo. JWTZ ililazimika kutandaza daraja la muda kabla ya kuvuka kumfuata adui. Mwaka uliofuata msiba ule ule ulitufikia kutoka kusini. Tarehe 12 Oktoba 1979 makomando wa Rhodesia, walioshuka kwa miavuli usiku na kuufuata Mto Chambeshi kwa mitumbwi, walilipua daraja la reli na la barabara, ili Zambia ibaki ikitegemea njia ya kusini. Njia yetu ya Tunduma ikakatwa kiunoni.

Na Zambia haikuwa bila ndege. Ilikuwa na F-6, yaani MiG-19 ya Kichina. Mwaka mmoja kabla, mwezi Oktoba 1978, Rhodesia iliposhambulia kambi ya wapigania uhuru karibu na Lusaka, marubani wake waliwaambia waongoza ndege wa mji huo kwamba anga limo mikononi mwao na ndege za Zambia zisiruke. Hazikuruka. Waliokuwa wakisema hivyo walirusha Hunter na Canberra, ndege za Kiingereza zilizobuniwa katika miaka ya 1940, wakati MiG-19 bado haijazaliwa.

Hatusemi nchi isiwe na ndege za kivita. Nchi isiyo na mwenye kuruka hugeuzwa njia ya kila mpitaji. Tunachokataa ni fikra kwamba ulinzi ni jina la ndege. Fundi wa karakana mwenye vipuri vyake, mpiga mzinga mwenye simu inayosikika, na mgambo wa kijiji anayejua nani alilala jana chini ya daraja, hao hawana picha zinazosambazwa, na ndio wanaosahauliwa kwanza bajeti inapopungua.

Suala hili lina haraka. Septemba 2024 huko Beijing, Tanzania, Zambia na China zilitia sahihi makubaliano ya kuifufua TAZARA. Fedha zitakazoingia ni nyingi na mazungumzo yatakuwa juu ya injini, mabehewa na tani za shaba. Tunawaomba viongozi wa Serikali, wa wizara na wa mkoa, waweke katika hesabu hizo vyuma vya daraja la muda vikiwa ghalani upande huu wa mpaka, mafundi wanaojua kuvitandaza, na malipo ya kudumu kwa walinzi wa madaraja badala ya posho ya msimu. Tunawaomba pia wakubaliane mapema na wenzetu wa Zambia nani atalinda Chambeshi, kwa sababu daraja lile liko kwao na hasara yake iliwahi kuwa yetu sote.