Hondohondo na Mti Mkongwe wa Amani



Likizo za shule zinapokaribia, aila nyingi hutuuliza ziwapeleke wapi watoto waliokwisha kuzoea ufuo wa bahari. Jawabu letu safari hii ni Amani, hifadhi ya msitu katika milima ya Usambara Mashariki, Tanzania. Kutoka Mombasa hupitiwa Lungalunga na Horohoro hadi Tanga, kisha Muheza, ndipo njia ikaanza kupanda mlima.

Tulikaa huko siku tatu. Asubuhi yataka sweta na viatu vya kufunga. Ndege huimba zaidi kunapopambazuka. Basi aila iliyozoea kuamka kwa Swala ya Alfajiri haitapata taabu. Mchukueni kiongozi mwenyeji, kwani yeye humsikia ndege kabla ya sisi kumwona. Tuliwaona mbega, tukamwona kulukulu, na chozi wa Amani, ambaye kwetu Kenya huonekana katika msitu wa Arabuko-Sokoke.

Lakini aliyetushughulisha zaidi ni hondohondo. Wakati wa kutaga ukifika, jike huingia katika tundu la mti, na mlango ukazibwa kwa udongo hadi ubaki ufa mwembamba wa kupitisha ncha ya mdomo. Humo hutaga, huatamia na kulea kinda. Kwa muda wote huo dume ndiye mlishaji: huenda msituni, hurudi na matunda, huyatoa moja moja na kuyapitisha katika ufa ule. Dume akiuawa, waliomo ndani hubaki bila wa kuwalisha. Kina mama waliokuwa nasi walitazama kimya, kisha mmoja akawaambia vijana, "Mmeona nafaka ya nyumba inavyoletwa?"

Hondohondo hawezi kujichimbia tundu. Hutafuta lililokwisha kufanyika katika mti mkubwa, na mti wa namna hiyo hukua umri wa babu na mjukuu. Naye hulipa kodi ya nyumba yake: matunda anayoyameza hapa, mbegu zake huziangusha mbali, na huko zikaota. Kwa hivyo aukataye mti mkongwe kwa ajili ya mbao amemvunjia nyumba mpandaji wa msitu.

Na msitu wenyewe si mkubwa tena. Mashamba ya chai na ya wenyeji yameuzunguka na kuupenya. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1997 ili kilichosalia kisiishe. Mto Zigi, upatao maji yake katika milima hii, ndio unaowanywesha watu wa mji wa Tanga. Hivyo mti ukatwao juu mlimani hukosekana hata katika mtungi ulioko pwani.

Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alimwona ndege akihangaika kwa kuchukuliwa makinda yake, akaamuru yarejeshwe. Watoto wetu wamekulia katika manati na ulimbo, wakidhani ndege hajulikani mpaka ashikwe. Siku tatu za Amani huwafundisha kutazama bila ya kutwaa. Wapeni daftari waandike waliyoyaona, na mkirudi nyumbani waulizeni: katika mtaa wetu, ni mti gani mkongwe uliobaki, na ni nani aishiye ndani yake?

Wabillahi tawfiq.