Wali, Vinasaba na Ulimi wa Mwalimu



Ndugu zangu wazazi na wanafunzi, leo naanza kwa kukiri kosa. Miaka kadhaa nyuma niliwaambia vijana wa darasa la jioni kwamba wanasayansi wa China wamegundua kuwa wali tunaokula unaingiza vinasaba vyake kwenye damu yetu, vikaenda mpaka kwenye ini na kuliamrisha. Nikaiunganisha habari hiyo na Surat Abasa, aya ya 24, inayomtaka mwanadamu akitazame chakula chake. Vijana wakapiga takbir. Nikarudi nyumbani nimeridhika na nafsi yangu.

Mwaka jana mama mmoja alinifuata baada ya swala ya Ijumaa. Mwanawe amekataa posho ya bweni, anashindia chai na mkate. Ujumbe umezunguka kwenye simu kwamba mahindi ya kigeni yana jeni za nguruwe, na kwamba jeni hizo zinaingia kwenye damu ya mlaji na kukaa humo. Mama alipombembeleza ale, kijana akamjibu: "Mama, Ustadh mwenyewe alitufundisha kwamba vinasaba vya chakula vinaingia mwilini."

Hapo ndipo nilipoona kuwa nina deni. Nikamwendea kijana wetu mmoja anayesoma biolojia chuo kikuu, akanieleza kwa subira, na mimi nayaleta kwenu kama nilivyoyaelewa.

Habari ya China ni kweli iliandikwa. Mwaka 2012 Profesa Zhang Chen-Yu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nanjing walichapisha kwamba wamekuta kwenye damu ya Wachina kipande kidogo sana cha RNA ya mpunga, kinachoitwa MIR168a, na kwamba kwa panya kilizuia ini kutengeneza protini inayosaidia kuondoa kolesteroli mbaya kwenye damu. Dunia ilishtuka. Lakini mwaka uliofuata, 2013, wengine walirudia kazi hiyo. Kundi moja liliwalisha panya wali na halikukuta kipande hicho kwa kiasi cha maana, na likasema kolesteroli ilipanda kwa sababu chakula chenyewe hakikuwa na mlingano. (Baadhi ya hao walikuwa waajiriwa wa Monsanto, kampuni ya mbegu, kwa hiyo una haki ya kukunja uso.) Lakini si hao tu. Watafiti wengine waliwapima wanariadha waliokula matunda, na wengine wakawapima nyani waliopewa kinywaji cha mimea. Waliona hakuna kitu, au kidogo mno kisichoaminika. Ikaonekana pia kuwa vipimo hivi ni vikali kiasi kwamba chembe ya mmea ikidondoka tu maabara, mashine inaisoma kana kwamba imetoka kwenye damu. Watu wa Nanjing hawajakata tamaa, wanaendelea kutetea kauli yao. Kwa hiyo jambo lina mvutano. Mimi nililifundisha kama limekwisha.

Na DNA yenyewe je? Kila mlo wetu una DNA, ya mchicha, ya maharage, ya samaki. Asidi ya tumbo na vimeng'enya vya kongosho huikatakata. Vipande vifupi vinaweza kuponyoka: watafiti wa Ujerumani mwaka 2001 walikuta vipande vya DNA ya mimea ya kawaida kwenye chembe za damu za ng'ombe na kwenye nyama ya kuku. Uingereza mwaka 2004 waliwalisha watu soya iliyobadilishwa vinasaba. Kwa wagonjwa saba waliokatwa utumbo mpana, sehemu ndogo ya jeni ile ilionekana kwenye mfuko wa kinyesi. Kwa watu kumi na wawili wenye matumbo mazima, haikuonekana kabisa mwishoni. Kuponyoka kwa kipande si sawa na kuandikwa ndani ya vinasaba vyako. Tumekula mbuzi Idd ngapi, na hakuna aliyeota pembe.

Jambo la mmea kumwachia mnyama jeni limewahi kutokea, lakini tazama ni kwa nani. Mwaka 2021 wanasayansi wa China walionyesha kwamba nzi weupe, wadudu hawa hawa wanaotuletea ugonjwa wa batobato kwenye mihogo, wana jeni iliyotoka kwenye mmea zamani mno, nao huitumia kuzima sumu ya mimea wanayoifyonza. Ni tukio la nadra lililopita vizazi visivyohesabika. Sahani moja ya posho haifanyi hivyo.

Sasa suala la nguruwe, ambalo ndilo lililomnyima kijana chakula. Mahindi ya Bt yanayozungumzwa sana tangu Kenya ilipopiga marufuku mazao haya mwaka 2012, kisha serikali yake ikatangaza kuyaruhusu mwaka 2022 na kesi zikafuata, yana jeni ya bakteria wa udongoni. Hakuna nguruwe hapo. Lakini nisiseme hofu haina asili. Mwaka 2024 wizara ya kilimo ya Marekani iliamua kuwa soya ya kampuni ya Moolec Science inaweza kulimwa bila kibali maalumu, na soya hiyo imewekewa jeni ya nguruwe ili itoe protini ya nguruwe ndani ya punje.

Hapa nina ugomvi na pande zote mbili. Anayesema soya hiyo haina neno kwa sababu jeni zinasagwa tumboni, basi na nyama ya nguruwe inasagwa tumboni. Tumekatazwa kula, hatukusubiri maabara ituambie kilichofika kwenye damu. Na anayesema ni haramu kwa sababu jeni zitatugeuza, amejenga hukumu juu ya uvumi. Swali la fiqhi ni je, kile kilichonakiliwa na kuota ndani ya mmea bado ni kitu cha nguruwe, au kimegeuka? Wanazuoni wa Kihanafi na Kimaliki wamefungua mlango wa istihala kwa upana. Sisi Mashafi tumeubana: pombe iliyogeuka siki yenyewe, ngozi iliyodibaghiwa, na ngozi ya nguruwe haimo. Waulizwe wenye elimu. Mimi binafsi siili.

Nilirudi darasani nikayatengua maneno yangu mbele ya wale wale niliowaambia. Mmoja akauliza, "Sasa Ustadh, na ile aya?" Nikamwambia asome zinazofuata, zimetaja mvua, nafaka, zabibu, zeituni na mitende, wala hazikuhitaji mchele uliofika kwenye ini.

Yule kijana sasa anakula posho. Anachonung'unikia ni maharage, kwamba yana wadudu.

Wallahu a'alam.