Kidukari anapoota mabawa, migomba yetu iko hatarini

Iwe Panzi, Nyalukemba ao Ndendere, wakaaji wengi wa Ibanda wana migomba miwili mitatu nyuma ya nyumba. Ndizi zingine zinatoka Kabare, Kalehe na Idjwi na kuuzwa sokoni Nyawera na Nguba. Zinapikwa, zinakamuliwa kasiksi, na pesa yake inalipa minervali ya watoto. Kwa hiyo ugonjwa wa banchi topu si shida ya mukulima wa mbali peke yake.

Mgomba ukishikwa, majani mapya yanatoka membamba, yamebanana kileleni kama fagio, pembeni yana rangi ya njano. Unadumaa, hautoi mkungu, na dawa ya kuuponya haipo. Ugonjwa huu ulionekana Misri mwaka 1901. Hapa Kongo ulitambuliwa Yangambi katika miaka ya 1950, na miaka ya 1980 ulikuwa umeshaonekana kwenye bonde la Ruzizi, upande wa Burundi na Rwanda.

Virusi vyake vinabebwa na kidukari wa migomba, mdudu mdogo mweusi-mweusi anayejificha kwenye makunjo ya majani na kufyonza maji yake. Vidukari hawa ni majike. Wanazaa bila dume. Mama na watoto wake wana jeni zile zile. Lakini wengine hawana mabawa, na wengine wanayo. Juu ya nini?

Jeni hazikuandika tu "mabawa" ao "hakuna mabawa". Zinabeba njia zote mbili, na hali ya maisha ndiyo inachagua. Kwa kidukari wa njegere, ambaye wataalamu wamemchunguza sana, mama akiguswa-guswa na wenzake kwa sababu ya msongamano, homoni zake zinabadilika. Moja yake inaitwa ekdisoni. Habari hiyo inafika kwa watoto wangali tumboni, jeni fulani zinawashwa na zingine zinazimwa, na watoto wanaozaliwa wanaota mabawa.

Kwenye migomba pia mabawa yanaonekana pale vidukari wanapojaa sana ao mgomba unapodhoofika. Ndiyo hatari yenyewe: mgomba mgonjwa unaoachwa shambani unaweza kuwa kiwanja cha ndege. Vidukari wanakimbia na virusi mwilini, na wakitua kwenye mgomba mzima wanauambukiza.

Hapo kuna kosa linalotokea kirahisi. Kwa mnyauko wa bakteria, ambao umeharibu mashamba mengi ya Kivu Kusini, wakulima wamefundishwa kukata shina lenye ugonjwa na kuacha mengine. Kwa banchi topu njia hiyo haisaidii, sababu virusi vinapita kwenye kisiki na kuingia katika watoto wote wa mgomba. Inafaa kung'oa shina lote pamoja na kisiki chake. Na kabla ya kukata, vidukari wauawe kwanza, kwa mfano kwa mafuta ya taa kidogo yanayomiminwa kileleni. Ukianza na panga, unawafukuza waende kwa jirani.

Lakini kidukari tusimubebeshe kosa lote. Mara nyingi safari yake ni fupi, toka mgomba hadi mgomba wa karibu. Anayevusha ugonjwa toka teritwari moja hadi ingine ni mtu, anapobeba watoto wa mgomba kwenye kamio, mtumbwi ao pikipiki. Mtoto wa mgomba anaweza kuonekana mzima kumbe ana virusi tayari, maana alama huchukua wiki kadhaa kujitokeza. Familia inayorudi kijijini kisha vita, ikitafuta mbegu za haraka za kuanza upya, ndiyo inaweza kuanguka katika mtego huo.

Siku moja elimu ya jeni inaweza kupata njia ya kuzuia mabawa hayo, lakini leo hakuna dawa ya namna hiyo dukani. Kilicho mikononi mwa mukulima ni kuuliza mbegu inatoka shamba gani, kuangalia kileleni kila wiki, na kumwambia jirani mapema akiona jani linabanana. Mwenye kuficha mgomba mmoja mgonjwa nyuma ya nyumba anaweza kuangamiza mashamba ya mtaa mzima.