Afande Hatagonga Mlango Wako

Naomba tuanze na swali. Katika mtaa unamoishi, kuna mwanajeshi mstaafu unayemjua vizuri? Simaanishi kumjua kwa lile jina la "Afande" tu. Unajua ana umri gani? Anatumia dawa gani? Akiugua usiku, nani atapigiwa simu?

Wengi wetu tukijipima kwa maswali hayo tutaona tunamjua kwa sura. Ni yule mzee anayeamka alfajiri akafagia mbele ya lango la ploti nzima, anayetembea wima ingawa goti lake moja linamsumbua. Viatu vyake vimeng'arishwa hata siku ambayo haendi popote. Ukimsalimia anajibu, "Sijambo kabisa." Atajibu hivyo hivyo hata kama hakuna unga nyumbani.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo. Jeshi humfunza mtu kuvumilia, kutii amri, na kutomlemea mwenzake kwa shida zake. Mafunzo hayo hayaishi siku anaporudisha sare. Basi janga likiingia, wengine tutapiga kelele, tutakwenda kwa chifu, tutaandika kwenye kundi la WhatsApp. Yeye ataketi chumbani mwake asubiri amri.

Mnakumbuka mwaka 2020? Kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa hapa Kenya tarehe 13 Machi. Shule zikafungwa. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Aprili Nairobi na viunga vyake vikazibwa, hakuna kutoka wala kuingia, na mambo yakabaki hivyo hadi mapema Julai.

Tuliambiwa tukae nyumbani. Kwa mtu aliyezoea kutii, hilo lilikuwa agizo la kamanda. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, mstaafu wa miaka mingi, alilifuata mpaka akaacha kwenda kliniki kuchukua dawa zake za presha. Juu ya meza yake chupa ya sanitaiza ilipangwa sawasawa na redio na miwani, lakini kipakiti cha dawa kilikuwa kitupu. Hakuna aliyemwambia kwamba kliniki haikufungwa. Aliyegundua ni msichana wa dukani, alipoona siku zinapita na Afande haji kuchukua maziwa. Alipanda ngazi akabisha hodi. Kesho yake dawa zilikuwa zimepatikana.

Msichana yule hakutumwa na mtu. Alihesabu tu wateja wake akaona mmoja amepungua. Je, wewe ungegundua baada ya siku ngapi?

Jiji letu halikulala wakati ule, na ni haki tuseme hivyo. Tena huduma zake muhimu zilikuwa mikononi mwa mwanajeshi. Meja Jenerali Mohamed Badi aliteuliwa tarehe 18 Machi 2020, siku tano baada ya kisa cha kwanza, kuongoza NMS, shirika lililopewa afya, usafiri, ujenzi na mipango ya Nairobi. Visima vikachimbwa katika mitaa ya mabanda, malori yakasambaza maji, na vituo vipya vya afya vikajengwa sehemu kama Mukuru na Kibra. Serikali kuu nayo ikaendelea kutoa shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii kwa wazee waliotimiza miaka 70 wasio na pensheni. Ada za M-Pesa kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,000 zikaondolewa, na mtu aliyemtumia mzazi wake mia tano alijua itafika yote.

Lakini huduma hufika barabarani ikasimama. Kutoka barabarani hadi orofa ya tatu, nani huipandisha? Mzee mwenye goti bovu hawezi kubeba mtungi wa lita 20 ngazi zote hizo. Lori la maji limefanya kazi yake, na dereva hawezi kuacha usukani. Zile ngazi zilizobaki ni zako na zangu.

Sasa tuwageukie walio kazini bado, na hasa waliobaki nyumbani wakiwasubiri. Tangu Oktoba 2011 vijana wetu wamekuwa Somalia. Wengi wana familia zao hapa hapa kwetu, Kahawa West, Githurai, Eastleigh, Embakasi na Lang'ata, karibu na kambi. Mwaka 2020 mama wa nyumba kama hiyo alikuwa mwalimu, nesi na baba kwa wakati mmoja. Watoto walisomea redioni. Mama mkwe yuko Bungoma au Kitui na barabara zimefungwa. Mume yuko mahali ambapo mke haruhusiwi kupataja, na simu hupita siku kadhaa haijalia. Akisikia taarifa ya habari ikianza kwa kutaja mpaka wa Somalia, atamwambia nani moyo wake unavyodunda? Familia zilizopoteza watu katika shambulio la kambi ya El Adde, Somalia, mnamo Januari 2016 zinaijua hofu hiyo hadi mwisho wake.

Jirani wa mama huyu, usimuulize mume wake yuko wapi. Muulize kama gesi ipo. Mchukue mtoto mmoja acheze na wako mchana mzima ili mama apate kulala kwa saa mbili. Ukienda sokoni, mpigie: "Mama Fulani, nikuletee nini?" Hayo hayahitaji bajeti wala kamati.

Walimu, mna nafasi kubwa zaidi kuliko mnavyodhani. Mtoto ambaye baba yake yuko misheni huonyesha mapema: anasinzia darasani, anapigana, au ananyamaza ghafla. Shule zikifungwa tena siku moja, huyo awe katika orodha ya wale wa kwanza kupigiwa simu.

Kuna jambo jingine lililotuumiza wakati wa korona, na halikuzungumzwa vya kutosha. Mazishi yaliruhusiwa watu 15 tu, tena jamaa wa karibu. Sote tuliumia. Ila kwa mwanajeshi wa zamani, mazishi ni siku ambayo wenzake wa kikosi humsindikiza. Wao ndio wanaojua alifanya nini akiwa na miaka 22, mambo ambayo mkewe hakuwahi kuambiwa. Walibaki majumbani mwao wakiomboleza peke yao, wengine wakapata habari mwezi mmoja baadaye. Amri ilikuwa na sababu nzuri, iliokoa watu. Lakini simu haikukatazwa. Kama jamaa wangekuwa na nambari za wenzake watano tu, si wangeweza kuweka simu mezani ili hao watano wamuage?

Askari na maradhi si habari mpya katika nchi hii. Katika Vita Kuu ya Kwanza, watu wetu maelfu kwa maelfu walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, Carrier Corps, ambao jina lao lingali Kariakor hapa Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Waliouawa na maradhi ni wengi kuliko waliouawa na risasi. Na vita vilipokuwa vinakaribia kwisha mwaka 1918, homa ya mafua ikaingia kupitia Mombasa, ikapanda na reli, ikawakuta wakirudi makwao wamedhoofika. Ukipita Barabara ya Kenyatta, utaiona sanamu ya mpagazi kati ya zile tatu za shaba. Wapagazi wale walirudi bila mtu wa kuwapokea. Sisi tuna simu, tuna zahanati, tuna sheria. Kisingizio chetu ni kidogo.

Nimetaja sheria kwa sababu ipo. Mwaka 2022 tulipata Sheria ya Wanajeshi Wastaafu, inayozungumzia huduma na manufaa kwao na kwa wanaowategemea. Wangapi katika mtaa wako wanaijua? Mjane je, anajua imemtaja?

Kwa hiyo ninyi mnaokaa kwenye madawati ya Huduma Centre, kwa chifu, benki na ofisi za kaunti, nawaomba jambo moja dogo. Mzee akifika na bahasha ya kaki iliyochakaa, muulize kwa heshima, "Mzee, uliwahi kuwa jeshini?" Hatasema mwenyewe. Swali hilo moja laweza kufungua mlango wa pensheni iliyokwama au wa haki ya mjane. Na kama hawezi kuhudumiwa hapo, mwandikie kwenye karatasi ofisi gani, orofa gani, abebe makaratasi gani. Safari isiyozaa matunda kutoka Kayole hadi mjini humgharimu nauli na goti.

Waajiri, hasa wa kampuni za ulinzi, mnajua mabawabu wenu wangapi walikuwa wanajeshi. Wakati wa kafyu walihesabiwa kuwa wafanyakazi muhimu, wakalinda maduka yetu sisi tukiwa tumelala. Janga likirudi, soja apate barua ya kazi mapema, barakoa za kutosha, na usafiri wa kumfikisha nyumbani. Akikohoa, apumzike bila kuogopa kupoteza siku yake.

Wahudumu wa afya ya jamii, ninyi mnapita nyumba kwa nyumba. Chanjo ya korona ilipoanza nchini Machi 2021, wahudumu wa afya na vikosi vya usalama walitangulia, kisha wenye miaka 58 na zaidi. Wazee wengi walistahili mapema lakini walihitaji mtu wa kuwaambia, na kuwashika mkono kwenye foleni. Orodha ya wazee wastaafu ikiwa tayari kwenye daftari lako leo, kesho hutaanza kutafuta.

Je, hofu yangu ni ya bure? Mpox iliripotiwa nchini kwa mara ya kwanza Julai 2024, huko Taita Taveta. Magonjwa hayapigi hodi. Ni heri tujiandae sasa, wakati tunaweza kuketi pamoja na kunywa chai.

Maandalizi yenyewe ni mepesi. Mtembelee mzee wako siku ya mapumziko. Mwombe mpange pamoja makaratasi: kitambulisho, cheti cha kutoka jeshini, nambari ya pensheni, jina la mrithi, kadi ya kliniki. Piga picha kila moja, ibaki kwenye simu ya mwanawe au binti yake. Angalia kama amesajiliwa na SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Kama bado, piga *147# pamoja naye, umsomee kila hatua polepole. Simu yake ya kubonyeza inatosha. Kisha tafuta kipande cha kadibodi uandike kwa herufi kubwa nambari tatu: yako, ya kituo cha afya kilicho karibu, na 1199 ya Msalaba Mwekundu, ambayo haina malipo. Kibandike karibu na mlango. Mama aliye peke yake na watoto aijue pia 1195, ya kuripoti ukatili nyumbani, maana kufungiwa ndani kuliwaumiza wengi.

Kuhusu mazungumzo, nisikilizeni kwa makini. Wapo waliorudi kutoka vitani na usiku usiokwisha. Tairi la lori likipasuka, wako chini ya kitanda. Kimya cha kafyu, ambacho wengine walikifurahia, kwao kilifanana na kungoja shambulio. Usimuulize aliua wangapi, na waonye vijana wasimuulize. Muulize alipika nini kambini, au rafiki yake mkubwa alikuwa nani. Akitaka kuzungumza zaidi, atazungumza. Akianza kukaa gizani, kunywa kupita kiasi au kusema ni heri asingekuwepo, usimwache peke yake. Mpigie daktari, mfuatane hadi hospitali, mngoje naye.

Jijini New York mwaka 2020, idara ya jiji inayowahudumia wanajeshi wastaafu iliwakusanya watu wa kujitolea, nao wakawa wanawapigia wastaafu mmoja mmoja kuwajulia hali na kuwaeleza msaada ulipo. Simu tu. Nadhani sisi tunaweza kufanya hivyo bila kungoja idara. Nyumba Kumi zipo, vyama vya akina mama vipo, jumuiya za kanisa na misikiti zipo. Kila kundi lichukue majina machache, na kila jina liwe na mtu wake wa kulipigia Jumatano na Jumamosi.

Na kama hamjui mtaanzia wapi, kila Novemba kuna Jumapili ya kuwakumbuka waliokufa vitani, ambapo wazee hukusanyika kwenye makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, medali kifuani. Mpeleke Afande wako. Mbebee kiti na maji. Wakati wa salamu, akiwa katikati ya wenzake, toa simu yako umwombe akutajie nambari za wale anaotaka wapigiwe akiugua. Andika jina, kikosi na mahali mtu anapoishi, kisha mpigie kila mmoja hapo hapo kuhakikisha nambari inaita.