NBA: Kuminga, kutoka benchi hadi pointi 30

Mei 10, 2025, Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, aliifungia Golden State pointi 30 dhidi ya Minnesota akitokea benchi. Mwezi Aprili, kocha Steve Kerr alikuwa amemwacha bila kumchezesha katika mechi kadhaa. Tatizo halikuwa kipaji: alipopangwa pamoja na Jimmy Butler na Draymond Green, wapinzani hawakuogopa mitupo ya mbali. Walijazana chini ya kikapu, na Stephen Curry alikosa nafasi. Curry alipoumia, hesabu ilibadilika. Hata hivyo, Golden State ilishindwa 102-97 siku hiyo, kisha ikatolewa kwa mechi 4 kwa 1. Mchezaji anayetafutwa siku ya shida tu hawezi kuziba pengo peke yake.